Heshima ya Mpagazi: Kazi ya Msafara wa Bagamoyo na Kupunguka kwa Desturi Zake

Mji wa Bagamoyo umo katika Mrima, mkabala na kisiwa cha Unguja, mwendo wa kilomita zipatazo 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Jina lake limebishaniwa sana. Wako wasemao kuwa ni neno la mtumwa, ambaye alifika pwani akaiona bahari, akajua ya kwamba hatarudi tena kwao, akaubwaga moyo wake pale kwa kukata tamaa. Wako wengine wasemao kuwa ni neno la mpagazi, ambaye alitembea miezi miwili au mitatu na mzigo begani, na alipoiona minazi na kusikia upepo wa bahari alijua kwamba taabu imekwisha, akaubwaga mzigo na moyo pamoja. Wasemao haya ya pili wana ushahidi wa lugha. Kubwaga ni tendo la mtu aliyechukua kitu: mzigo hubwagwa, kuni hubwagwa, na mtu hawezi kubwaga asichokibeba. Tena wana ushahidi wa historia, maana bandari kuu ya watumwa ilikuwa Kilwa, na watu waliojaza Bagamoyo mwaka hata mwaka walikuwa wachukuzi wa pembe na nguo, ambao wengi wao walikuwa watu huru wenye ujira. Maana ya kwanza haikosi sababu zake, kwa kuwa watumwa walipita Bagamoyo pia. Walakini si haki kuiacha imfunike mpagazi. Mwaka 2006 Tanzania ilipopeleka UNESCO orodha ya mahali panapostahili kuhifadhiwa, njia hii iliandikwa kuwa njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Bidhaa zimetajwa. Aliyezichukua hakutajwa.

Neno lenyewe mpagazi lataka maelezo. Kitenzi kupagaa maana yake ni kuchukua begani, na jamaa yake ni kupagawa, yaani hali ya mtu aliyekaliwa na pepo, kwani pepo naye humpanda mtu kama mzigo. Kiswahili kilikuwa na maneno mengine yaliyo karibu na hili. Hamali alikuwa mtu wa mjini na bandarini. Alitoa mzigo jahazini akaufikisha ghalani, akalipwa papo hapo, na jioni alilala kwake. Mchukuzi lilikuwa neno la jumla, likamhusu hata mwanamke atokaye shamba na mtungi wa maji. Lakini mpagazi alikuwa mtu wa njia ndefu, na kazi yake ilikuwa na mwanzo, mwisho, mapatano, na cheo. Kumwita mpagazi hamali kulikuwa kumshusha.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, ambazo ni ratili 70, au kilo 32 hivi kwa kipimo cha leo. Kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe, karibu na Tabora, ni zaidi ya kilomita 800 kwa njia ya miguu. Mpagazi aliupokea mzigo wake mbele ya watu, akaujaribu begani, na kama aliukubali ulikuwa wake hata mwisho wa safari. Aliufunga mwenyewe, akautia alama yake, na jioni kambini alijua pahali ulipo hata gizani. Ujira wake ulikuwa kwa nguo, merikani au kaniki, au kwa riali, na sehemu yake ilitolewa mbele kabla ya kuondoka. Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa na sifa kupita wengine katika kazi hii, walishuka pwani na pembe na kupanda bara na nguo na shanga. Na wengi wao walikuwa wakulima waliopanga safari zao kwa kuangalia mvua na mavuno. Mpagazi wa namna hii hakuwa maskini asiye na pahali pa kwenda. Alikuwa na shamba, na aliweza kukataa.

Mwenye mali alikuwa Mwarabu au Mswahili, na nyuma yake mara nyingi alikuwapo Mhindi aliyemkopesha bidhaa. Katika Bagamoyo hapakuwa na mfanyi biashara wa Kihindi aliyejulikana kuliko Sewa Haji Paroo, Ismaili aliyefariki mwaka 1897. Yeye aliuza nguo, shanga na waya, tena alipatia misafara wapagazi wake, hata wasafiri wa Ulaya hawakuweza kuondoka bila ya kupita mlangoni kwake. Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 katika makundi matano kumtafuta Livingstone, alilalamika sana katika kitabu chake juu ya hesabu za kijana huyo. Yamkini alikuwa na haki, na yamkini alikuwa mgeni tu aliyekutana na mtu aijuaye bei. Historia imemhukumu Sewa Haji kwa upole zaidi, kwa kuwa mali yake ilijenga shule Bagamoyo iliyokuwa wazi kwa watoto wa kila kabila, na hospitali Dar es Salaam, na jina lake lingali likitajwa katika Hospitali ya Muhimbili.

Desturi za msafara wenyewe zimeelezwa vizuri na Richard Burton, aliyepita njia hii kati ya mwaka 1857 na 1859 na kutoa kitabu chake mwaka 1860. Burton alikuwa mtu wa dharau, na kurasa zake zimejaa maneno mabaya juu ya Waafrika. Kwa sababu hiyo hiyo, pale anapoisifu kazi yao, ushahidi wake una uzito. Anaeleza kwamba kwa Wanyamwezi kuchukua mzigo mpaka pwani kulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wadogo walitembea na vipembe vidogo mabegani wakiigiza wakubwa wao. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, amevaa joho jekundu, kichwani ana ngozi ya mbega na manyoya ya ndege. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Mtu akimtangulia kirangozi njiani alichomolewa mshale mmoja katika podo lake, uwe ushahidi juu yake jioni, kisha akatozwa faini. Nyuma ya kirangozi walikuja wachukuzi wa pembe, ambao walikuwa kama masharifu wa msafara. Pembe kubwa zilitundikwa kengele, na mwenye kuchukua pembe nzito kuliko zote aliona fahari, hakuona mashaka. Nyuma yao walifuata wachukuzi wa nguo na shanga, na mwisho kabisa wale wa mizigo midogo midogo, ya chumvi, tumbaku, ngozi, mahema na vyungu. Mtu aliweza kuisoma daraja ya kila mmoja kwa kuutazama mstari unavyopita.

Jambo hili la mshale lastahili kutazamwa. Faini ile haikutungwa na mwenye mali. Ilikuwa sheria ya wapagazi wenyewe, na ilimlinda mwenzao aliyepewa kazi ya kuijua njia, kuchagua kambi, na kujibizana na wenye nchi juu ya hongo. Kirangozi naye alichukua mzigo, ingawa mwepesi. Hakuwa bwana aliyepanda punda akiwatazama wengine wakitembea. Vivyo hivyo mnyapara, neno lililoingia katika Kiswahili kutoka bara kwa maana ya mzee au mkubwa wa kundi: alikuwa mtu wa kwao, aliyewakusanya vijana wa kijiji chake, aliyewasemea mbele ya tajiri, na aliyepaswa kurudi kwa wazazi wao akaeleza kila aliyekufa alikufaje. Mnyapara aliyepunja watu wake posho hakupata watu mwaka wa pili.

Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa mtu kwa siku, na juu ya kibaba hicho magomvi mengi ya safari yalizaliwa. Kibaba kisipotimia, mizigo haikuinuliwa. Wazungu waliandika kwamba huu ni uasi au uvivu. Leo ungeitwa mgomo, na ndilo jina lake la haki. Wapagazi waliketi juu ya mizigo yao, wakazungumza, wakavuta tumbaku, hata tajiri akapima upya. Kambini walikaa kwa makundi ya watu wachache waliopika pamoja, na mgonjwa aliangaliwa na wenzake wa chungu kimoja. Njia hii ndiyo iliyostawisha utani kati ya Wanyamwezi na Wazaramo na makabila mengine ya Mrima: watu waliopita katika nchi za wenzao kila mwaka walihitaji ruhusa ya kutukanana bila ya kupigana, na kuombana chakula bila ya aibu, na mtani hakuweza kukataa kumzika mtani wake aliyefia mbali na kwao.

Kulikuwa na kundi la pili la watu wa safari, nao ni wale wa pwani na Unguja waliojiita waungwana. Hapa lugha inaficha jambo kubwa. Wengi wa hao walikuwa watumwa, au watumwa walioachwa huru, na baadhi yao waliwapa mabwana zao sehemu ya ujira wao. Mjini hawakuwa waungwana kabisa. Njiani walikuwa. Bunduki, kanzu, lugha ya Kiswahili, na ujuzi wa safari viliwapa jina ambalo nasaba haikuwapa. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni akapelekwa Bara Hindi, alirudi akawa mkubwa wa misafara: alikwenda na Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron, ambaye alivuka naye bara lote mpaka bahari ya magharibi mwaka 1875. Mtu ambaye kwa nasaba hakuwa na kitu alipata kwa kazi jina lililojulikana hata London.

Yasidhaniwe kwamba mambo yote yalikuwa ya heshima. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, anasimulia katika habari za maisha yake jinsi wapagazi aliowaajiri katika Mrima walivyomkimbia na ujira wake, na jinsi alivyorudi na bunduki akawakamata watu kwa mamia, waliokimbia na wasiokimbia, akawatia minyororo. Na jina la Kingugwa alilopewa wakati huo, la chui ashambuliaye huku na huku, yeye alilitaja kwa majivuno. Kukimbia kulikuwa silaha ya mpagazi, na minyororo ilikuwa silaha ya tajiri. Stanley naye alikuwa mwepesi wa kiboko. Katika safari yake ya mwisho, ya kumtafuta Emin Pasha, aliajiri Unguja watu zaidi ya 600. Alipofika Bagamoyo mwezi wa Desemba 1889, hata 300 hawakuwa pamoja naye. Kwa hiyo desturi ya msafara haikuwa paradiso iliyopotea. Ilikuwa mapatano, na mapatano huvunjwa na pande mbili.

Lakini kuna safari moja ambayo yaonyesha desturi ile ilivyokuwa pale ilipoachwa peke yake, bila ya tajiri, bila ya kiboko, na bila ya ahadi ya malipo. Tarehe 1 Mei 1873 David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake walikuwa karibu 60. Baadhi yao walikuwa naye miaka mingi. Wengi walikuwa wameajiriwa Unguja na kupelekwa na Stanley kupitia Bagamoyo mwaka 1872. Mwajiri alikuwa maiti. Kwa kila sheria ya kazi waliyoijua mabwana wa Ulaya, mapatano yalikuwa yamekwisha, na wangaliweza kugawana vitu wakatawanyika.

Walikusanyika, wakawachagua Abdullah Susi na James Chuma kuwa wakubwa wa msafara. Kila kitu cha marehemu kiliandikwa na Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya wamisionari Bara Hindi, ili asije mtu akasema baadaye kwamba vimeibwa. Moyo wa Livingstone ulizikwa chini ya mti. Maiti ilikaushwa juani kwa siku 14, ikafungwa kwa nguo na gome la mti, ikashonewa kitambaa cha tanga, ikaning'inizwa katika mti wa kuchukuliwa na watu wawili. Kisha wakaanza kutembea. Walitembea miezi tisa.

Walipofika Unyanyembe mwezi wa Oktoba walimkuta Luteni Cameron, aliyepelekwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliona afadhali maiti izikwe pale pale, kwa kuwa mbele kulikuwa na hatari. Walikataa. Hili si jambo dogo: Mwingereza, afisa, mwenye amri ya chama kilichogharimia safari, aliwaambia watu weusi wanaochukua maiti ya Mwingereza kwamba kazi yao yaweza kuishia pale, nao wakajibu kwamba haijaisha. Cameron alivichukua vyombo vya kupimia, maiti hakuipata. Mbele ya Unyanyembe wenye nchi walikataa maiti kupita. Basi wapagazi walitengeneza maiti ya uongo kwa vijiti na nguo, wakaituma nyuma kama waendao kuizika, na maiti yenyewe wakaifunga upya kwa umbo la mtumba wa nguo, mzigo kama mizigo mingine. Kazi waliyoijua kuliko zote, ya kufunga mtumba, ndiyo iliyowapitisha.

Waliingia Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Maiti iliwekwa katika kanisa la Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwapo Bagamoyo tangu mwaka 1868, kisha ikavushwa Unguja, na ikazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Wapagazi walilipwa ujira wao, wakaambiwa waende. Katika wote ni Jacob Wainwright peke yake aliyeandamana na jeneza. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye mwaka ule kwa gharama ya rafiki mmoja wa marehemu, mazishi yakiwa yamepita. Nishani zilichongwa kwa ajili ya wote, lakini zilipokuwa tayari wengi walikuwa wamekwisha tawanyika. Mnara wa kanisa lile la Bagamoyo huitwa kwa jina la Livingstone.

Waandishi wa Uingereza wa zama zile walieleza kazi hii kwa neno moja, uaminifu, wakimaanisha mapenzi ya mtumishi kwa bwana wake. Yamkini mapenzi yalikuwapo kwa Susi na Chuma, waliomjua mtu yule kwa miaka mingi. Kwa wale walioajiriwa mwaka mmoja kabla yake, maelezo hayo hayatoshi. Wao walifuata sheria ya kazi yao, kwamba mzigo uliokubaliwa hufikishwa, na kwamba mkubwa wa msafara huchaguliwa na kutiiwa. Chuma hakuwa mtumishi wa mtu mmoja. Mwaka 1879 alikuwa mkubwa wa msafara mwingine, ule wa Keith Johnston na Joseph Thomson uliotoka Dar es Salaam, na Johnston alipokufa njiani ni Chuma aliyeushika msafara ule pamoja na kijana Thomson mpaka mwisho.

Mabadiliko yalikuja kwa upesi. Mwezi wa Agosti 1888 Kampuni ya Wadachi ya Afrika ya Mashariki ilishika forodha za Mrima kwa mapatano na Sultani Khalifa, na kabla mwezi haujaisha pwani ilianza kuasi. Abushiri bin Salim alipigana Pangani na Bagamoyo. Bwana Heri bin Juma alipigana Saadani. Kampuni ilishindwa kutawala, serikali ya Ujerumani ikaingia badala yake na jeshi la Wissmann. Saadani, uliokuwa mlango wa pili wa misafara kaskazini ya Bagamoyo, ulipigwa mizinga na kuchomwa, na haukurudia tena biashara yake ya zamani. Mwaka 1891 makao makuu ya serikali yalihamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam.

Hata hivyo miaka ya 1890 ndiyo iliyokuwa na wapagazi wengi kuliko wakati wowote. Serikali ilijenga Bagamoyo jengo kubwa la kupokea misafara, lenye ua na vyumba, ambalo lingalipo. Kwa macho ya mgeni kazi ilikuwa imestawi. Kwa macho ya mpagazi ilikuwa imeanza kugeuka, kwa kuwa mwajiri mkubwa sasa alikuwa serikali na jeshi, na serikali haikuajiri tu, ilishurutisha pia. Jumbe aliagizwa kutoa watu kadha, akawatoa wale asiowapenda au wasioweza kujitetea. Tangu mwaka 1898 kulikuwa na kodi ya nyumba, na mtu aliyechukua mzigo ili alipe kodi hakuwa na uwezo ule wa zamani wa kukataa. Sifa ya kazi ilitegemea uwezo huo zaidi ya joho jekundu.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1901 reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa, ilifika ziwani Victoria, na mizigo ya Buganda na Mwanza ikaacha njia ya Bagamoyo. Reli ya kati ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Haikupita Bagamoyo. Vita vya mwaka 1914 viliirudisha kazi ya mpagazi kwa muda, kwa sura ambayo mzee wa zamani asingaliitambua. Majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalikamata wanaume kwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa na tumbo la kuhara wala si kwa risasi. Hapakuwa na mapatano, wala mnyapara wa kijijini, wala mtani wa kuzika. Kikosi cha wachukuzi cha Waingereza kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo vinywa vya Waswahili vililigeuza kuwa Kariakoo, na mahali kilipopiga kambi Dar es Salaam baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916 sasa ni soko kuu la mji. Wauzaji na wanunuzi hulitaja jina la jeshi hilo kila siku bila ya kulifikiri.

Maneno ya kazi yalihama pamoja na watu, na mwenye kutaka kujua kilichotukia na atazame yalivyobadilika. Mkonge ulioletwa mwaka 1893 ulikuwa umejaza mashamba ya Pangani na Tanga, na baada ya vita mashamba haya yaliwaajiri watu wengi kuliko kazi nyingine yoyote ya pwani. Mnyapara aliingia shambani na jina lake, lakini sasa alichaguliwa na mwenye shamba, akasimama nyuma ya watu wala si mbele yao. Na leo nyapara ni hata mfungwa aliyepewa kuwasimamia wafungwa wenzake. Neno kibarua lilikuwa la zamani: kamusi za karne ya 19 zaeleza kuwa ni barua ndogo aliyopewa mtu wa kutwa Unguja ili adai ujira wake. Cheti kikampa mtu jina. Kiswahili, ambacho hakikosi kicheko katika mashaka, husema kwamba kibarua cha mtu kimeota nyasi anapofukuzwa kazi, kana kwamba ni shamba aliloliacha mwenyewe. Baadaye ulikuja mtindo wa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo ngwe haikumalizwa haikutiwa alama, na mshahara ulingoja hata kadi ijae. Mwisho likaja manamba, yaani watu walioandikwa mikataba bara wakaletwa mashambani wakijulikana kwa namba zao. Mpagazi aliutia mzigo alama yake; manamba alitiwa alama yeye.

Wanyamwezi hawakuingia katika hali hii kwa siku moja. Katika mashamba ya Tanga kabla ya mwaka 1914 walijulikana kuwa wafanyi kazi wa bei ya juu, na walifika kwa makundi chini ya mnyapara wao wenyewe, kama walivyozoea njiani, wakajenga makazi yao kando. Mwenye shamba aliyetaka kazi yao alilazimika kuzungumza na mnyapara wao. Wazungu wa mashamba waliandika juu yao kwa lugha ya mchanganyiko, wakiwasifu kuwa ni hodari na kuwalaumu kuwa ni wakaidi, wala hawakuona kwamba mambo hayo mawili yalitoka katika shina moja.

Katika miaka hiyo hiyo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliziandika desturi za watu wake katika kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Habari za safari za bara zimo: jinsi mtu anavyokopa mali kwa Mhindi, jinsi anavyowatafuta wapagazi, jinsi anavyotazamia siku njema ya kuondoka. Zimeandikwa kwa wakati uliopo, kama mambo ambayo mtu atayakuta akitoka nje ya mlango. Reli ya ziwani ilikuwa imekwisha fika miaka miwili kabla ya kitabu kupigwa chapa. Mtoro alifariki Ujerumani mwaka 1927, hakurudi tena kukaa kwao.

Joho na kengele hazikubaki, na kirangozi amebaki katika kamusi, kama ndugu mkongwe wa neno kiongozi, ambalo sasa ni la watu wa vyeo na vyama. Lakini Wizara ya Uchukuzi iko Dodoma. Na mtumishi wa serikali anayetumwa kutoka wilaya moja hata nyingine, kwa gari na mkoba mwepesi mkononi, bado hudai posho ya safari kabla hajaondoka, na ikipungua haondoki.